Budha wa Marumaru katika Pwani ya Afrika

Popote unaponisikia, Tunduma kwenye foleni ya malori, Vwawa, Mkwajuni, ama kule Galula ambako saa hizi watu wametoka shambani na redio imewekwa barazani, karibu tuzungumze.

Aprili 2023 serikali ya Misri ilitangaza kwamba wachimbaji wa mambo ya kale, Wapolandi na Wamarekani wanaofanya kazi pamoja, wamepata sanamu ya Budha katika mji wa kale wa Berenike. Mji huo uko kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, kusini kabisa mwa Misri, na leo ni magofu na mchanga mtupu. Sanamu ilikutwa katika eneo la hekalu la Isisi, mungu wa kike wa Wamisri. Ina urefu wa sentimita 71, yaani ukiisimamisha chini inamfikia mtu mzima kwenye mapaja. Ni ya karne ya pili baada ya Kristo. Na iko Afrika, bara hili letu.

Nataka uitazame vizuri, maana redio haina picha na inanibidi nikuchoree kwa maneno. Imechongwa kwa marumaru. Budha amesimama. Mkono wa kushoto umeshika sehemu ya vazi lake, na vazi lenyewe linateremka kwa mikunjo, kama kitambaa kizito kilichofungwa begani. Mkono wa kulia haupo, na mguu wa kulia haupo, vimevunjika zamani. Pembeni yake kuna ua la yungiyungi. Kichwani amezungukwa na duara, na ndani ya duara hilo imechongwa miale, kama miale ya jua.

Sasa vipime vitu hivyo kimoja kimoja. Yungiyungi ni la India. Budha mwenyewe ni wa India. Lakini marumaru ile, kwa maelezo ya waliochimba, huenda ilitoka machimbo yaliyo kusini mwa Istanbul, na inawezekana ilichongwa Aleksandria, mji mkubwa wa Kigiriki wa Misri. Miale ya jua kuzunguka kichwa ndivyo Wagiriki na Warumi walivyomchora mungu wao wa jua. Na aliyetoa fedha za kuichonga, kwa kila dalili, alikuwa mfanyabiashara au baharia kutoka India, aliyefika bandarini salama akataka kumshukuru Budha wake ugenini. Hapo hapo Berenike yamepatikana pia maandishi ya Kisanskriti ya wakati wa Kaisari Philip Mwarabu, aliyetawala Roma kati ya mwaka 244 na 249. Wahindi hawakuwa wapita njia pale. Walikaa, wakaomba, wakaandika.

Sanamu hii imenishika, nami nitakwambia kwa nini. Lakini kwanza turudi nyuma.

Siddhartha Gautama, ambaye baadaye aliitwa Budha, aliishi kaskazini mwa India karne kadhaa kabla ya Kristo. Alipofariki wafuasi wake hawakumchonga. Kwa miaka mingi sana, ukienda kwenye mahali pao patakatifu, kama Sanchi na Bharhut, ungeona mti ambao chini yake alipata mwanga, ungeona gurudumu la mafundisho yake, ungeona nyayo zake mbili, au kiti kisichokaliwa na mtu huku watu wamekisujudia. Yeye mwenyewe hayupo. Wachongaji wale walikuwa mafundi wa kutosha. Walichonga tembo, wake kwa waume, farasi na majani kwa ustadi unaoshangaza hadi leo. Mahali pa mwalimu wao tu ndipo walipopaacha wazi.

Kisha, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, sura yake inajitokeza. Na inajitokeza karibu wakati mmoja katika sehemu mbili. Moja ni Mathura, kusini ya Delhi, ambako walichonga kwa jiwe jekundu la mchanga: mtu mwenye mabega mapana, vazi jepesi lililomshika mwili, macho wazi, uso wa Kihindi kabisa. Nyingine ni Gandhara, mabonde yanayozunguka Peshawar, Swat na Taxila, ambayo leo ni Pakistani, hadi kuingia mashariki mwa Afghanistani. Huko walichonga kwa jiwe la kijivu linaloelekea bluu, na baadaye kwa udongo na chokaa. Budha wa Gandhara ana nywele za mawimbi zilizofungwa fundo juu ya kichwa, pua iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso, na vazi zito lenye mikunjo mirefu. Mwonyeshe mtu asiyejua lolote, akikwambia ni Apolo wa Wagiriki usimlaumu.

Wagiriki walifikaje huko? Alexander Mkuu alivuka milima ya Hindu Kush na kuingia mabonde yale mwaka 327 KK. Yeye hakukaa, lakini nyuma yake walibaki watu. Kaskazini mwa Afghanistani ya leo, mahali panapoitwa Ai-Khanoum, Wafaransa walichimba kuanzia miaka ya 1960 wakakuta mji mzima wa Kigiriki, wenye ukumbi wa maigizo na uwanja wa mazoezi ya vijana. Mfalme Ashoka wa India, Mbudha, alipotaka kuwafikishia watu wa Kandahar ujumbe wake wa kuacha kuua, aliuchonga mwambani kwa Kigiriki na kwa Kiaramu, karne ya tatu KK. Halafu wakaja wafalme wa Kigiriki waliotawala Gandhara yenyewe. Mmoja wao, Menander, anakumbukwa na Wabudha mpaka leo, si kwa vita, bali kwa kitabu cha mazungumzo yake na mtawa Nagasena, mfalme akiuliza na mtawa akijibu.

Sarafu za wafalme hao zilikuwa na Kigiriki upande mmoja, na upande wa pili lugha ya wenyeji kwa hati yao. Mtu wa Tunduma, pale mpakani, halimpi tabu hilo: anajua maana ya kuwa na kwacha na shilingi katika mfuko mmoja, na kubadilisha lugha kabla hujamaliza kuvuka barabara. Watu wa Gandhara waliishi hivyo kwa karne nyingi. Baada ya Wagiriki walikuja Wakushani kutoka Asia ya Kati, na mfalme wao Kanishka, wa karne ya pili baada ya Kristo, alitoa sarafu ya dhahabu yenye Budha amesimama, na pembeni jina lake limeandikwa kwa herufi za Kigiriki. Wakati huo hakukuwa tena na mfalme Mgiriki kule. Herufi zilibaki, mafundi walibaki, namna ya kukunja vazi kwenye jiwe ilibaki, na sasa vyote vilikuwa mali ya watu wengine.

Kuna kipande kimoja kiko katika Makumbusho ya Uingereza, London, ambacho ningependa kila mtoto wa sekondari akione walau kwenye picha. Kimetoka Gandhara. Kinaonyesha farasi wa mbao mwenye magurudumu, akisukumwa kuingia mjini, na mwanamke amesimama langoni amenyanyua mikono kumzuia. Ni kisa cha Troya, cha Wagiriki, kimechongwa na fundi wa Gandhara, na mwanamke yule amevaa mavazi ya Kihindi. Na kuna michongo mingine ya huko ambamo mlinzi wa Budha, anayeitwa Vajrapani, amevaa ngozi ya simba kichwani, kama Herakle, yule shujaa wa Wagiriki aliyeua simba. Herakle ameajiriwa kazi mpya. Anamlinda mtu asiyebeba silaha.

Sasa swali ambalo msikilizaji wa Galula ana haki ya kuuliza: hayo yote yananihusu nini mimi, bondeni huku karibu na Ziwa Rukwa?

Kuna kitabu kidogo kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ni mwongozo wa mabaharia: bandari ipi inafuata ipi, wananunua nini, wanauza nini. Berenike ni miongoni mwa bandari zinazotajwa mwanzo kabisa. Kutoka huko njia zinagawanyika. Njia moja inateremka na pwani ya Afrika Mashariki, ambayo mwandishi anaiita Azania, mpaka mji wa mwisho wa biashara, Rhapta. Wanazuoni wengi wanaiweka Rhapta katika pwani ya Tanzania ya leo, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuitafuta sehemu za Rufiji. Mwandishi anasema mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo vililetwa Rhapta, na pembe za ndovu na magamba ya kasa vikatoka. Anasema pia kwamba manahodha Waarabu waliokuja huko walioana na wenyeji na kuijua lugha yao. Karne ya kwanza hiyo, msikilizaji.

Njia nyingine inakwenda India, bandari ya Barygaza, ambayo leo ni Bharuch, Gujarat. Na hapo mwandishi yuleyule anaeleza kwamba bado zinatumika drakma za zamani zenye herufi za Kigiriki, za wafalme Apollodotus na Menander. Menander yule wa mtawa Nagasena! Kisha anataja makabila ya bara, nyuma ya Barygaza, na miongoni mwao anawataja watu wa Gandhara.

Kitabu kimoja, kurasa chache, kina Rhapta na kina Gandhara. Siwezi kukwambia kwamba Mbudha alitia nanga Rufiji, na sitakwambia. Ninachokwambia ni kwamba pwani yetu na mabonde yale yalikuwa kwenye ramani ya mtu mmoja, na upepo wa kaskazi uliosukuma majahazi kuja kwetu ulikuwa upepo uleule uliowarudisha wafanyabiashara kutoka India. Berenike wachimbaji walikuta mtungi wa Kihindi wenye pilipili manga zaidi ya kilo 7, umehifadhiwa hekaluni. Na kaskazini mwa Ethiopia, katika monasteri ya Debre Damo, juu ya mlima unaopandwa kwa kamba, mwaka 1940 ziligunduliwa sarafu za dhahabu za Wakushani zaidi ya 100. Ni dhahabu ya ukoo wa Kanishka, ndani ya nyumba ya watawa Wakristo wa Afrika.

Hapa sasa ndipo penye ugomvi, na nitasema wazi niko upande gani.

Mwaka 1905 mwanazuoni Mfaransa, Alfred Foucher, alianza kutoa kitabu kikubwa juu ya sanaa ya Gandhara. Alishikilia kwamba sura ya Budha ilizaliwa na mkono wa Kigiriki; kwamba Asia ilipokea kutoka Ulaya. Wakati huo India ilikuwa chini ya Waingereza, na si vigumu kuona jinsi maneno hayo yalivyopendeza masikioni mwa watawala. Mwaka 1927 akajibiwa na Ananda Coomaraswamy, mzaliwa wa Colombo, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya Boston. Coomaraswamy alionyesha Mathura na jiwe lake jekundu, akasema: tazameni, India ilikuwa na sanamu zake, na namna zake za kumchonga mungu na mlinzi wa mti, kabla ya Mgiriki yeyote kumfundisha. Alikuwa na haki kubwa ya kusema hivyo, na mimi nampenda kwa kusema.

Lakini ugomvi huu unafanana sana na mmoja tulionao nyumbani. Kwa miaka mingi vitabu vilisema Kilwa ilijengwa na Waajemi na Waarabu, kwa sababu waandishi wa vitabu hivyo hawakuamini kwamba Mwafrika anaweza kusimamisha msikiti wa matumbawe wenye kuba. Uchimbaji ukaja ukaonyesha vijiji vya udongo chini ya mawe, vyombo vya mfinyanzi wa wenyeji, na watu walewale wakiendelea, kizazi kwa kizazi, mpaka wakawa Waislamu na wajenzi wa mawe. Halafu tukaingia mtego wa pili: wengine wetu, kwa hasira ya haki, tukataka kukana kwamba kuna chochote kilichotoka ng'ambo. Mihrabu ya Kilwa iliijua sanaa ya Ghuba ya Uajemi, na sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya pwani zilitoka China kweli. Hakuna aibu yoyote hapo.

Ninavyoona mimi, Foucher aliuliza swali lisilo na faida: nani alimpa nani. Ukitaka kujua sanamu ni ya nani, muulize aliyeiagiza, aliyeilipia, na aliyepiga magoti mbele yake. Budha wa Gandhara ana vazi la Kigiriki, lakini fundo la nywele zake linafunika uvimbe wa kichwani ambao ni alama ya Kibudha. Masikio yake ni marefu kwa sababu alikuwa mwana wa mfalme aliyevaa vito vizito kabla ya kuviacha. Katika makumbusho ya Lahore kuna Budha wa Gandhara aliyefunga kula mpaka mbavu zinahesabika, mishipa imetoka juu ya ngozi, tumbo limeingia mgongoni. Mgiriki alikuwa amemfundisha fundi yule, au babu wa fundi yule, jinsi ya kuchonga mwili wenye nguvu na afya. Fundi akachukua elimu hiyo yote akachongea njaa, kwa sababu hicho ndicho imani yake ilichotaka kusema. Hapo sioni mwanafunzi anayenakili. Namwona bwana wa kazi yake.

Na hili halijaisha kutokea. Galula ni moja ya misheni kongwe za ukanda huu; Mapadri Weupe walifika huko kipindi cha Wajerumani. Walikuja na sanamu na picha zao, na Maria waliyemleta alikuwa na uso wa Ulaya, kama Budha wa Gandhara alivyokuwa na uso wa Apolo. Waumini hawakungoja uso ubadilike ndipo wasali. Waliimba kwa sauti zao na kuleta mavuno yao. Na ndani ya shirika hilohilo la Mapadri Weupe akatokea Padre David Clement, Mkanada, ambaye katika miaka ya 1950 kule Bujora, karibu na Mwanza, alisimamia ujenzi wa kanisa la mviringo lenye alama za utemi wa Wasukuma. Wachongaji wa Kimakonde nao, kwa mpingo, wamempa Maria na mwanawe nyuso ambazo hazikuwahi kuonekana Roma. Mtu akiniambia Maria wa mpingo si Ukristo halisi, au akiniambia Maria mweupe wa misheni si wa watu wa Galula, wote wawili nitawapeleka Gandhara.

Anayetaka kumwona Budha hapa nchini hahitaji pasipoti. Wasinhala kutoka Sri Lanka waliokuja Tanganyika walijijengea hekalu Dar es Salaam, eneo la Upanga, katika miaka ya 1920, na lipo hadi leo pamoja na mti wao mtakatifu. Sura utakayoikuta imepita mikono mingi: Gandhara na Mathura zilichangia, kusini mwa India ikaongeza lake, Sri Lanka ikaifanya yake.

Sitaki kumaliza bila kusema kilichopotea. Herakle mlinzi wa Budha, aliyekuwa Hadda, mashariki mwa Afghanistani, aliangamia katika miaka ya vita. Machi 2001 Wataliban walilipua Mabudha wawili wa Bamiyan, mmoja mita 55 na mwingine mita 38, waliokuwa wamesimama mlimani tangu karne ya sita au ya saba. Mwaka huohuo walivunja sanamu ndani ya makumbusho ya Kabul kwa nyundo. Wafanyakazi wa makumbusho walikusanya vipande. Baadaye, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, walianza kuvipanga tena, vipande zaidi ya 7,000 vya sanamu za Hadda, sikio hapa, ukosi wa vazi pale. Ndiyo maana Budha mmoja wa sentimita 71 kutoka kwenye mchanga wa Berenike ni habari kubwa, na ndiyo maana inaniuma kuona kitu cha zamani kimetupwa stoo kwa kisingizio kwamba si chetu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee wa Galula na wa misheni zote za bonde la Rukwa. Sanamu na picha zilizo kanisani kwenu zilifika lini? Zilitoka nchi gani, zilishushwa bandari ipi, nani alizibeba kutoka njia kuu mpaka bondeni, na kwa mzigo wa kichwa au kwa gari? Kuna fundi wa kwenu aliyewahi kuzirekebisha au kuchonga nyingine? Wanaokumbuka waliyosimuliwa na baba na babu zao wapo. Andikeni, au mpeni mjukuu simu arekodi mkiwa mnaeleza, kisha mtutumie. Kipindi kijacho nitasoma majibu yenu, pamoja na majina ya vijiji mlivyotokea.